Ugali Uliopoa Makere

Nichekeni, lakini taratibu. Mimi ni mtafiti. Miaka mingi nimetunga lugha za kompyuta zinazowezesha mashine nyingi kufanya kazi moja kwa pamoja, bila kukwama zikisubiriana.

Mwezi uliopita nilirudi nyumbani Makere, mara ya kwanza tangu tulipomzika baba. Jioni nikawaeleza wadogo zangu habari hiyo kwa mbwembwe. "Kazi yangu," nilisema, "ni kumnasa yule mmoja anayewakwamisha wenzake wote."

Ukaletwa ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, harufu ileile ya utotoni. Tukanawa. Hakuna aliyegusa chakula. Kwetu huli kabla mkubwa hajamega tonge la kwanza, basi nami nikatulia kwa adabu, macho mlangoni, kama zamani baba alipochelewa kutoka shambani. Ugali ukapoa. Watoto wakaanza kusinzia. Nikamnong'oneza mdogo wangu Elia, "Kwani tunamsubiri nani?"

Elia akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Wewe, kaka," akajibu, na wote wakasikia. "Siku hizi mkubwa wa nyumba hii ni wewe."