Faili Niliyoificha kwa Laptop ya Madam

Hiyo hard disk ni mimi niliua, ingawa ilichukua muda kabla mtu anionyeshe.

Nilikuwa natype kwa ofisi ndogo ya clearing, ya kupitisha mizigo kwa customs, pale Malaba, chumba kimoja kinachoangalia mahali malori hupaki yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Nilikuwa nimemaliza Form Four, college bado, na madam mwenye ofisi alinichukua kwa sababu nilikuwa nimesoma kompyuta miezi mitatu Amagoro. Laptop ilikuwa yake. Aliinunua ikiwa imeshatumika na watu wengine, nzito kama jiwe la kusagia wimbi, na upande wetu wa barabara hakuna mwingine alikuwa nayo.

Sasa, kompyuta za wakati huo hukuwa unazima tu. Ulikuwa unaiambia imalize, halafu unangoja mpaka iandike kwamba sasa unaweza kuzima. Mimi sikuwa nangoja. Jioni ikifika nilikuwa nabonyeza swichi, nafunga, naenda.

Kitu kingine madam hakujua ni kwamba kila lunch, yeye akienda customs kufuata makaratasi, nilikuwa naandika diary yangu humo ndani. Dereva gani amenitukana, mvua imeanza saa ngapi, mama wa chapati amesema nini juu ya bwana yake. Na madam mwenyewe pia. Ilikuwa imefika mwaka mmoja na kitu. Hiyo faili niliipatia jina FOMU MBAYA nikaiweka katikati ya zile fomu zingine, kwa sababu ni nani atajisumbua kufungua fomu mbaya? Wenzangu wa shule walikuwa college, wananiandikia barua juu ya hostel na malecturer. Mimi nilikuwa na hiyo faili. Nikiifungua na kuona vile imekuwa ndefu, nilikuwa naamini mwaka wangu haujapotelea kwa stempu za malori.

Jumatatu moja laptop ikaanza kulia ndani, ta, ta, ta, kama mtu anagonga meza na kucha. Halafu ikakataa kuwaka. Madam aliuliza wabadilisha pesa, wao hujua kila mtu, wakamwambia kuna fundi Busia. Kesho yake tulikuwa huko asubuhi.

Fundi alikuwa Mganda, lakini kibanda chake kilikuwa upande wetu wa mpaka, kimeshikana na duka la soda. Radio zilizofunguliwa tumbo zilijaa kila mahali. Aliweka sikio juu ya laptop akasikiza, akasikiza, mimi nikitaka afanye haraka.

"Nyabo," akamwambia madam, kwa heshima ya kwao, "hii imekufa nusu."

"Nusu gani?"

"Ya kuamka. Ya kukumbuka iko bado kidogo."

Akatueleza. Hard disk mpya alikuwa nayo, lakini ni tupu kabisa, ukiiweka hivyo kompyuta haitajua hata kama ni kompyuta. Lazima aiwekee Windows upya, na Windows yenyewe imekaa kwa flopi, zile diski bapa za plastiki, kumi na tatu. Lakini kabla ya hiyo, tutoe vitu vya madam kwa disk ya zamani ikiwa bado inapumua. Ikipata moto inagoma. Ikipoa vizuri inaweza kufanya dakika kumi.

Akaichomoa, akaifunga kwa karatasi ya nailoni mara tatu, akampelekea mama wa soda aiweke kwa friji.

"Inanuka?" huyo mama akauliza.

"Hainuki, mama. Ni mgonjwa tu."

"Basi weka juu, mbali na maziwa yangu."

Tulikunywa soda tukingoja. Niliuliza mara nne kama imepoa.

Ilipowekwa tena, laptop iliwaka, na kabla ya kitu kingine ikaleta maandishi meupe kwa skrini ya bluu. Mimi nilikuwa naona hayo maandishi kila asubuhi na kuyapita, nikidhani ni salamu yake. Fundi akayasoma pole pole, kwamba mashine haikuzimwa vizuri, halafu akauliza bila kugeuka, "Nani huzima hii mashine kwa swichi?"

Madam akaniangalia.

"Ni mimi," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Madam hakunifokea. Alisogeza kiti karibu na skrini akaanza kumsomea fundi majina ya faili, hii chukua, hii chukua, hii wacha. Flopi zilikuwa chache na dakika zilikuwa zinaenda. Nilikuwa najua mahali watafika, na nilikuwa nimejiambia nitanyamaza.

"FOMU MBAYA," fundi akasoma.

"Mbaya za kazi gani? Wacha hiyo."

Akaipita. Akachukua ya pili, ya tatu. Nikaweka soda yangu chini.

"Madam, hiyo si fomu."

"Gani?"

"Hiyo mbaya. Ni yangu."

"Yako, kwa laptop yangu."

"Ndiyo, madam."

"Ni barua za mwanaume?"

"Hapana. Ni diary. Vile siku imekuwa."

Alifikiria kidogo. "Mimi niko ndani?"

"Uko."

"Ninasemwa aje?"

Ningeweza kudanganya. "Siku zingine vizuri."

Fundi alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Nyabo, nifungue tusome?"

"Wewe toa vitu vya customs," madam akamwambia. "Ikibaki na pumzi, mtolee yake."

Fomu zikamalizika. Ta, ta, ta. Disk ikarudi kwa friji. Mara ya pili zikatoka barua za wateja, zote. Mara ya tatu ikawa zamu yangu. Fundi aliweka flopi safi, akabonyeza, na ile mistari ya kuonyesha kazi inaenda ikaanza kujaa. Ilifika karibu nusu. Ikasimama. Tulikaa tukiangalia, hata madam. Halafu skrini ikasema haiwezi kusoma.

Fundi alijaribu mara ya nne, ikapoa mpaka ikatoa jasho, akaipangusa na shati yake. Haikuwaka tena. Na kwa flopi, ile nusu haikuwa imebaki.

"Pole, dada," akasema.

Nilisema asante. Nilitoka nje nikasimama kwa jua, boda boda wakiniuliza kama navuka, nikirudia kuwaambia sivuki.

Nilipoingia, disk mpya ilikuwa imeshawekwa kwa laptop na flopi ya kwanza ya Windows iko ndani. Fundi akanionyesha kiti. "Wewe ndiye hupendi kungoja. Kaa hapa. Ikiitisha namba mbili mpe mbili, ikiitisha tatu mpe tatu. Usiguse swichi." Akaenda kwa radio zake.

Hiyo kazi ilikuwa ndefu. Madam alikaa kando amevua viatu. Karibu na namba tano akaniuliza, "Si uniambie basi. Kitu kimoja tu uliniandika."

Nikamwambia ile siku ofisi ilidanganywa na matapeli wa sukari, vile aliniita mjinga mbele ya madereva na kosa halikuwa langu. Niliandika ukurasa mzima.

"Na ukaandika kwamba nilirudi jioni nikakuambia pole?"

"Hukuniambia."

"Nilikuambia. Ulikuwa umeshashika mlango unataka kuenda."

"Sikusikia, madam."

"Basi hiyo diary yako ilikuwa ya nusu ya maneno."

Nilitaka kubishana. Lakini hakukuwa na mahali pa kufungua tuangalie. Nilijaribu kukumbuka hiyo jioni na nikaona mlango tu, na mkono wangu.

Laptop ikaitisha namba sita. Nikaipatia. Nikamwomba fundi karatasi, akanirarulia moja kwa kitabu chake cha wateja, na nikaandika juu yake kwamba madam anasema alisema pole, na kwamba mimi sikumbuki. Halafu nikaandika kitu cha pili nilichokumbuka, na cha tatu. Ilipoitisha namba saba ilibidi waniite mara mbili.