Dada Mkali wa Mlangoni, Aliyewarudishia Watoto Kilio Chao

Alizaliwa asubuhi ya Jumanne, tarehe tisa mwezi wa tatu, kwenye benchi la zahanati, kwa sababu mkunga alikuwa amekwenda kunywa chai. Mama yake alikuwa fundi cherehani, baba yake fundi bomba, naye alikuwa mtoto wao wa tatu na wa mwisho. Husimuliwa kwamba alilia kwa sauti iliyomfanya mkunga aache kikombe nusu, na kwamba tangu siku hiyo hakuna mtu katika familia ile aliyeimaliza chai yake ingali moto. Mama alimlaza katika kikapu cha mabaki ya vitambaa kando ya cherehani, na kila mtoto alipolia, mguu wa mama uliondoka kwenye pedali. Wateja walinuna. "Mwache alie, atanyamaza mwenyewe," walimwambia, "mwenzio kesho nina harusi." Mama aliwajibu wote jibu moja: "Anayelia anajua kuna mtu wa kumsikia. Sitaki ajue vingine."

Tuseme mapema, kwa kuwa wapo waliotuomba tulainishe kisa hiki kabla hakijasomwa kanisani: hakuwa mpole. Waumini wamezoea watakatifu wenye shingo iliyoinama upande, na kamati ya parokia ilipendekeza tuandike "imara" badala ya "mkali". Hatukukubali. Alipokuwa na miaka kumi, akijiandaa kwa komunyo ya kwanza, katekista alimsimamisha kando mtoto mwenye kigugumizi kwa kuwa alishindwa kumaliza sala pamoja na wenzake. Binti wa fundi cherehani alipanda juu ya benchi akauliza, "Mwalimu, Mungu ana haraka ya kwenda wapi?" Alitolewa nje, na komunyo yake ikaahirishwa mwaka mzima. Kuanzia hapo akaitwa Dada Mkali, hata na watu waliomzidi umri. Baba yake, mtu wa maneno machache aliyerudi nyumbani kila siku na magoti yaliyolowa, alimwonya kama wazazi wote wanavyoonya: "Mwanangu, hasira hasara." Naye akauliza, bila utovu wa adabu, "Hasara ya nani, baba?" Baba alikaa na swali hilo mpaka chakula chake kikapoa.

Akiwa na miaka ishirini alijiunga na chuo cha uuguzi, akachagua kuuguza watoto. Alikuwa mwanafunzi wa kati. Majina ya dawa aliyajua, vipimo vyake alivikosea, na alikuwa na tabia ya kuwauliza madaktari swali la pili hata kabla hawajapumua baada ya kujibu la kwanza. Katika mwaka wa pili tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa bwalo: nafasi za kujitolea ng'ambo, wiki sita za likizo, makao ya watoto, na picha ya mtoto anayecheka juu ya maandishi "Wanakungoja". Akajiandikisha. Mama yake alimshonea aproni mbili zenye mifuko mikubwa. Parokia ilimwombea misa ya safari, ikampa na mkoba wa peremende.

Makao yale yalikuwa jengo la ghorofa moja lenye kuta za rangi ya maziwa, na wageni wa kujitolea walipokezana humo kama walinzi wa zamu, kundi likitoka Ijumaa na jingine likiingia Jumatatu. Watoto wakubwa walikaa upande wa nyuma. Chumba cha mbele, chenye vitanda kumi na kimoja vya fito nyeupe, kilikuwa cha wachanga, na ndicho wageni walichokipenda, kwa sababu kilikuwa kimya. Watoto kumi na mmoja, na hakuna aliyelia. Waliamka wakatazama dari. Walilowa wakatazama dari. Wageni waliingia wakinyata, wakanong'onezana, "Malaika hawa!" Dada Mkali naye alisema hivyo, na hatutamfichia. Alimpenda hasa mtoto wa kike wa miezi kumi na minne aliyeitwa Kidole, kwa kuwa alishika kidole cha yeyote aliyembeba na hakukiachia mpaka abanduliwe. Kwa wiki sita kidole hicho kilikuwa cha Dada Mkali. Siku ya kuondoka walipiga picha, akambandua, akambusu utosini, akasema, "Nitarudi." Alilisema kama watu wanavyosema habari za asubuhi.

Wito wake haukuja kwa njozi. Ulikuja darasani, Alhamisi saa nne asubuhi, katika somo la ukuaji wa mtoto. Mwalimu, mama mtu mzima aliyefundisha akiwa ameketi kwa sababu ya maumivu ya miguu, alieleza kwamba mtoto mchanga hulia kwa kuwa anatumaini. Akilia akaja mtu wake, kesho hulia tena. Lakini akija mtu mwingine, na baada ya wiki sita mwingine, na mwingine tena, hufika siku akaacha. "Mkiingia chumba cha wachanga mkakuta kimya," alisema, "msishukuru. Ulizeni nani amewafanyia hivyo." Dada Mkali alifunga daftari lake. Mwenzake wa dawati anashuhudia kwamba alisema kwa sauti ambayo darasa zima lilisikia: "Mimi. Ni mimi niliyewafanyia." Alikwenda moja kwa moja ofisini kuomba ruhusa, akanyimwa kwa kuwa mitihani ilikuwa karibu, akasafiri bila ruhusa.

Getini alipokelewa na mtoto wa miaka mitano aliyepaza sauti kuelekea ndani, "Nitarudi mwingine amekuja!" Mpishi wa makao, mwanamke mpana mwenye ulimi usiopoa, alimweleza huku akimenya viazi kwamba ndilo jina ambalo watoto huwaita wageni wote, maana ndilo neno lao la mwisho. "Wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," alisema mpishi. "Sisi hawa wetu tunawapa mtoto." Dada Mkali aliingia chumba cha mbele. Kidole sasa alikuwa na karibu miaka miwili, ameketi kitandani amegeukia ukuta. Alimwekea kidole chake kiganjani, na kiganja hakikufumba. Siku ile ndipo hasira yake, ambayo mpaka hapo ilikuwa tabia tu, ilipopata kazi.

Alimkuta msimamizi wa makao ofisini, mtu safi, mchangamfu, mwenye picha za wageni ukutani kutoka sakafuni hadi juu.

"Dada yangu, wageni ndio wanaoleta maziwa," alimwambia. "Na wageni wanataka kubeba watoto. Nikiwafungia chumba kile watabeba nini, masufuria?"

"Wabebe masufuria. Nimeyaona, yana masizi."

"Watoto hawa wanahitaji upendo."

"Wanahitaji mtu mmoja. Yuleyule. Leo, kesho na mwakani."

"Haya, nitampata wapi mtu huyo?"

Alikuwa akionekana dirishani, anaanika shuka. Ni mjane aliyefua nguo za makao kwa miaka tisa, nao walimwita Mama Dobi. Alilijua blanketi la kila mtoto kwa harufu yake, lakini kubeba mtoto alikatazwa, kwa sababu kazi yake ilikuwa nguo na mikono yake ilikuwa na sabuni. Msichana aliyeshuka kwenye ndege juzi, ambaye hajawahi kumwogesha hata paka, alikabidhiwa mtoto mlangoni. Mwanamke aliyekuwapo miaka tisa aliambiwa mikono yake haifai. Tunaandika jambo hili kwa hasira, na anayelisoma bila hasira na alisome tena.

Dada Mkali hakutoka ofisini mpaka msimamizi alipochoka. Walikubaliana hivi: Mama Dobi na wanawake wawili wa jirani wapewe kila mmoja watoto wake, walewale kila siku, na wageni wote wasivuke mlango. "Wiki sita," alisema msimamizi, "kama mgeni mwingine yeyote. Kidole asipobadilika, unaondoka, na mlango unafunguliwa." Kidole alipewa Mama Dobi.

Hapo ndipo majaribu yake makubwa yalipoanza, kwa kuwa sheria ile ilimfunga yeye kwanza. Alijua atalazimika kurudi chuoni, kwa hiyo alijihesabu miongoni mwa wageni. Alisimama mlangoni kutwa nzima, mikono ameifumbata nyuma ya mgongo, akiwaelekeza wale wanawake kwa mdomo tu: mtazame usoni unapomlisha, mwite jina, ukitoka mwambie unatoka. Mpishi anasimulia kwamba Kidole alipoangusha kijiko, mabega ya Dada Mkali yalishtuka kama ya mtu anayetaka kuruka, lakini mikono haikutoka nyuma. Jumatatu kundi jipya lilifika. Msichana mmoja alilia mbele yake akisema amevuka bahari kuja kutoa upendo. "Utautoa mpaka tarehe ngapi?" aliulizwa. Msichana alifungua mkoba akatazama tikiti. "Ishirini na nane," alisema. Kisha akaketi kwenye ngazi, na baadaye akaenda kusugua masufuria. Huyo twamsifu. Wenzake waliandika barua.

Barua zilifuatana. Chuo kilimwarifu kwamba amepoteza mwaka wake wa masomo. Kikundi cha wajitoleaji kilimshtaki kwa wivu na kiburi. Padri wake wa nyumbani, mtu mwema, alimwandikia ajifunze unyenyekevu na akumbuke kwamba hasira ni hasara. Aliirudisha barua hiyo na maneno manne chini yake: "Hasara ya nani, Padri?" Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya nne. Kidole alilishwa, aliogeshwa, aliitwa jina, akaendelea kutazama ukuta. Msimamizi alianza kupita mlangoni akichungulia saa yake. Alfajiri moja ya wiki ya sita mpishi alimkuta Dada Mkali katika kanisa dogo la jirani akigombana na Mungu kwa sauti, amesimama, akimwambia kwamba Yeye naye alisema atarudi.

Siku ya arobaini na moja, Jumapili baada ya chakula cha mchana, sabuni iliisha. Mama Dobi alimwambia Kidole, "Natoka, nakuja," akaenda uani kuloweka nguo kwa kipande kilichobaki. Mtoto aligeuka kutoka ukutani. Alitazama mlango ambao Mama Dobi alipitia. Midomo ikamtetemeka, kifua kikajaa, kisha akalia. Kilio kikavu, kibaya, cha mtu ambaye amesahau namna. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, na Dada Mkali alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Hakuvuka mlango. Alikimbilia uani akipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani: "Mama, unaitwa! Mama, unaitwa!" Mama Dobi alikuja mbio, povu mpaka viwikoni, akambeba vilevile na sabuni yake. Mtoto wa kitanda cha pili akaanza kulia, kisha wa tano, na kabla ya saa tisa chumba kizima kilikuwa kikipiga makelele. "Ndiyo maana wanasema kilio huanza mfiwa," alisema mpishi, naye alikuwa akilia. Msimamizi alitoka ofisini ameziba masikio akauliza kuna nini. Dada Mkali alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, ameteleza mpaka chini, mikono ingali nyuma. "Wamepona," alimjibu.

Alirudi chuoni, akarudia mwaka, akafuzu. Kisha, bila kumwahidi mtu yeyote chochote, alihama moja kwa moja, akapanga chumba mtaa wa pili kutoka makaoni na kuajiriwa katika zahanati ya hapo. Siku zake za mapumziko alizitumia kubisha hodi. Kati ya wale watoto kumi na mmoja, saba walikuwa na ndugu walio hai: shangazi, bibi wawili, baba dereva wa lori aliyeambiwa kwamba mwanawe atapata maisha bora kwa wageni. Hakuna aliyekuwa amewatafuta. Saba! Alimrudisha kila mmoja kwao, akakaa nyuma kuhakikisha anashikwa vizuri. Kidole, ambaye hakuwa na mtu, akawa mtoto wa Mama Dobi kwa karatasi na muhuri wa mahakama.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja homa ya uti wa mgongo ilipoingia mtaani. Aliuguza wagonjwa siku kumi na mbili, ya kumi na tatu akaanguka. Tarehe ishirini mwezi wa nane, mchana, Mama Dobi alimleta Kidole hospitalini, msichana wa miaka kumi na moja sasa, mrefu, mbishi. Muuguzi wa zamu ndiye aliyeyasikia na kuyaandika maneno yao.

"Nisamehe," alisema Dada Mkali. "Nilikuambia nitarudi, na sikuwa na nia."

"Si ulirudi?"

"Nilichelewa."

Kidole hakubishana. Alikishika kidole cha mgonjwa, akakishikilia mpaka saa kumi na robo, na baada ya hapo ikabidi abanduliwe.

Kanisa bado halijamtangaza mtakatifu, na mchunguzi mmoja aliuliza kama hasira yake si kizuizi. Watu hawakusubiri jibu. Chumba cha mbele leo ni stoo ya viti, hakina mtoto, na wale waliokijua wanauhesabu huo kuwa muujiza wake wa kwanza. Sanamu yake parokiani kwao imesimama mikono nyuma. Wageni hudhani mchongaji aliishiwa na mbao, wenyeji huwaeleza. Katika siku yake ya kumbukumbu wachanga hulia misa nzima wala hakuna anayewakodolea macho mama zao. Mtu wa kwanza kusikia humgusa mama bega na kusema, "Mama, unaitwa," na watu humpisha.

Anayetaka kumwiga asianze kwa kununua tikiti. Aanze kwa kuuliza ni nani wa hapo tayari, mwenye sabuni mikononi, aliyekatazwa. Na kabla ya kuondoka mahali popote aogope kusema neno lile jepesi. Mwandishi wa maisha haya naye alipita katika chumba kile, miaka mitatu kabla ya Dada Mkali, kwa wiki sita, na mkoba wa peremende. Anayo picha: yeye anacheka, mtoto aliye mikononi mwake anatazama juu, kwenye dari. Jina la mtoto hakuliandika. Nyuma ya picha aliandika "Nitarudi", na tarehe.