Aliyeruhusiwa Kumcheka Mwalimu

Mtu akitaka kuandaa mchezo wa kuchekesha, asiuandae na Wakisii wanaojuana koo. Nasema hivi nikiwa Mkisii mwenyewe, mzaliwa wa Manga, na hadi leo nikikumbuka nakereka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikuwa tukisomea utabibu katika hospitali moja ya misheni, na kila mwaka, Jumapili moja kabla ya likizo, wanafunzi waliruhusiwa kuwaigiza walimu kwa nyimbo na vichekesho. Siku hiyo hukuadhibiwa kwa lolote ulilosema jukwaani. Mwaka wetu tulikuwa na la kusema. Mwalimu wa wodini alikuwa na tabia mbaya: ukikosea, alikusimamisha miguuni pa kitanda cha mgonjwa utangaze kosa lako mpaka wodi nzima isikie. Rafiki yangu wa chumbani, msichana wa Marani, alisahau kukung'uta kipimajoto kabla ya kumwekea mama mmoja, akaandika homa ambayo haikuwepo. Mwalimu akamzungusha kitanda hadi kitanda, kipimajoto mkononi, akisema, "Mimi sijui kupima joto." Katika vitanda hivyo walikuwemo wanawake wa kwao. Habari ilifika sokoni Marani kabla ya ndizi. Akaniambia likizo ikifika anaenda nyumbani kuchuma majani chai, na harudi tena.

Nilikataa katakata. Huyu msichana alikuwa na mikono ya utabibu, alibandua bandeji bila mgonjwa kukunja uso. Nikasema tutamwimba huyo mwalimu mpaka aone aibu aache. Na nani wa kumwigiza kama si msichana huyu mwenyewe? Kila jioni chumbani alituvunja mbavu akikohoa kama mwalimu, akivuta suruali juu kama yeye, akiuliza maswali kwa pua kama yeye.

Akakataa. Mwalimu alitahiriwa msimu mmoja na baba mdogo wa msichana, kwa hiyo kwake yeye ni baba, na baba hachezewi. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto. Nilimkumbusha kwamba anamwiga kila siku. Akajibu kwamba chumbani mwalimu hayupo.

Nikamwendea mwingine. Kumbe kwake mwalimu ni mjomba, naye huheshimiwa kama baba. Wa tatu alikuwa amechumbiwa na mtu wa ukoo wa mwalimu, basi ni baba mkwe, na hata kumtazama usoni ni taabu. Mpiga gitaa wetu, kijana kutoka upande wa ziwa, aliweka gitaa chini. "Sasa nyinyi wote ni watoto wake?" akauliza. "Hii mtu alizaa lini na hana hata mvi?" Nilitamani kumwigizisha yeye, lakini alikuwa mrefu kama mlingoti na mwalimu alikuwa mfupi, tena bila yeye hakuna muziki.

Basi tukahesabu koo kama wazee wa posa, na ikabainika kwamba aliyeruhusiwa ni mmoja tu, mimi. Mwalimu alikuwa kitindamimba wa mke wa mwisho wa baba yake babu yangu. Alinizidi miaka michache tu, lakini kwa ukoo alikuwa babu yangu, na kwetu mjukuu humtania babu apendavyo. Shida ni kwamba sijui kuimba. Sauti yangu ni ya kufukuzia ndama. Tulifanya mazoezi majuma kadhaa, kijana wa ziwani akinipigia noti ileile mpaka akachoka, na yule msichana akinifundisha kukohoa.

Jumapili ikafika. Tulitundika shuka za wodi ziwe pazia, mwalimu akaketi mbele. Nikaimba wimbo wa kipimajoto, nikazunguka viti kama vitanda, nikiwalazimisha wenzangu watangaze makosa ya kipuuzi: huyu amepiga chafya, yule amezaliwa Jumanne. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Na aliyecheka kuliko wote ni mwalimu. Alijifuta machozi. Mwisho akasimama, akaniita mke wake, kama babu anavyomtania mjukuu wa kike, akasema ameteseka sana na ugali wangu mbichi, na leo amejua kwamba hata kuimba sijui. Wakapiga makofi upya.

Nilitaka kulia kwa hasira. Ruhusa ileile iliyoniwezesha kumcheka ndiyo iliyoharibu kila kitu. Mjukuu akimsema babu ni utani tu, na utani wa mjukuu hauingii moyoni mwa mtu. Ningeweza kumwita shetani naye angeniitikia mke wangu.

Jumatatu asubuhi yule msichana alifunga bandeji ikalegea. Mwalimu, bado ana tabasamu la jana, akamwonyesha miguuni pa kitanda. Mimi nilikuwa kitanda cha pili, nikaona msichana anaweka sinia la bandeji chini. Hakumtazama usoni. Wala hakumwita mwalimu, alimwita baba kwa Kikisii.

"Tata," akasema polepole, "mimi ni mtoto wako. Baba hamvui mtoto wake nguo mbele ya watu."

Mwanamke mmoja kitandani akajifunika shuka usoni, kama aliyeona jambo lisilofaa kuonwa. Mwalimu akainama, akaifunga ile bandeji mwenyewe, akatoka. Tangu siku hiyo, aliyekosea aliitwa ushorobani na kuelezwa kwa sauti ya chini.

Msichana alirudi baada ya likizo, akamaliza masomo. Lakini Jumatatu ile, koo langu bado linawasha kwa kuimba, nilimfuata chumbani nikiwa nimefura. Nikamuuliza kwa nini alituacha tuhangaike majuma yote yale na hali maneno alikuwa nayo.

"Hamkuniuliza," akasema. "Mliniambia niimbe."