Muuza Bastola wa Amarillo
Yule mama muuza bastola hapokei silaha mkononi mwa mtu. Husubiri iwekwe mezani, mtutu ukielekea ukutani, kisha huifungua na kupitisha kidole cha mwisho ndani ya tundu la risasi, hata kama ameichungulia sasa hivi. Jumamosi moja mteja wake, Harlan, aliingia dukani amembeba bintiye, bastola ameichomeka kiunoni bila ala.

"Haina kitu, mama."

"Kila anayekuja hapa, yake haina kitu," alijibu kwa kuchoka. Akaifungua. Risasi ikaruka, ikabiringika mezani.

"Lo! Nimesahau moja tu."

Mama hakufoka. Alimchukua mtoto, akamsukumia Harlan ala ngumu inayofunika kifyatulio.

"Chomeka, chomoa, mara hamsini, bastola ikiwa tupu. Mtoto utampata ukimaliza."

Akamkumbatia mtoto kwa nguvu, akaanza kuhesabu.