Redio Zilizomkataa Shemeji

Siku shemeji alipokwama handakini, redio zote za wachimbaji zilikataa kupokea sauti yake.

Mimi ndiye niliyezifundisha kukataa. Na wala sijutii.

Iko hivi. Kule machimboni mnara wa simu hakuna. Kila mchimbaji ana redio yake. Ukiita, redio ya jirani inapokea, inarusha kwa mwingine, hadi ujumbe ufike ofisini kwangu. Fundi wa redio ni mimi.

Sasa shemeji, mume wa dada yangu, ndiye msimamizi. Bwana mkubwa huyo akazima kurusha ya wengine kwenye redio yake, eti betri imtoshe kusikilizia mpira! Redio yake ikawa inapokea ujumbe wa wenzake, halafu kimya. Inaumeza.

Jiwe lilipomwangukia kaka yangu, wito wake ulipitia kwa shemeji, jirani yake pekee siku hiyo. Ukaishia hapo. Tulipomfikia tumechelewa, mguu ukakatwa.

Kwenye kikao shemeji akaninyooshea kidole. "Mitambo ya huyu ni kimeo tupu!"

Nyumbani mama akaacha kuniita mwanangu. Iliniuma, acha tu.

Nikaipekua redio yake alipoiacha kwenye chaji. Nikaona alichozima. Nikazipa redio zote sheria mpya: anayemeza ujumbe wa wenzake, wake usipokelewe. Yangu tu nikaiacha, nimsikie akilia.

Haikupita wiki, handaki la nyuma ya ofisi likaporomoka mlangoni. Yeye ndani.

"Nisaidieni! Hewa inaisha!"

Nikajimiminia chai.

"Jamani, hakuna mtu?"

Nikaongeza sukari.

Kaka akaingia na magongo yake. "Huyo si shemeji? Mbona humjibu?"

"Ndiye aliyemeza wito wako, alizima kurusha. Mwache na yeye aonje."

Macho yakamwiva. Nikajua tuko pamoja. Kumbe wapi!

"Ita watu wamtoe."

"Unamhurumia?"

"Nani amhurumie? Akifa, mama atamlilia yeye na kukulaumu wewe maisha yako yote. Namtaka mzima."

Nikaita watu. Walipomtoa, matope hadi kwenye nywele, mama na dada walikuwa wameshafika mbio. Kaka akamsogezea redio mdomoni.

"Sema ulichozima."

Sheria yangu nilishaiondoa. Akasema huku analia, na redio zikarushiana sauti yake hadi shimo la mwisho. Dada alimtazama kama hamjui. Mama akanishika mkono, "Mwanangu, nisamehe."

Funzo? Adui yako usimwache afe. Mtoe, umpe redio, aongee.