Uliniambia Mie, Hukuuambia Mtaa

Kuna Jumapili moja, mwanangu, naikumbuka mpaka rangi ya kanga niliyojitanda, lakini ukiniuliza hasa kilichotokea siku ile nitakuomba univumilie, maana mpaka leo sijakielewa chote. Nitakusimulia kama nilivyoona kwa macho yangu. Pale nisipoelewa nitakwambia sielewi, wala usinicheke.

Wakati huo tulikaa Kiwalani, nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili unayepiga chafya ni wewe. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mama yangu ameshatangulia mbele ya haki, na kazi yangu kubwa ilikuwa kumtunza baba. Baba, Mzee Salehe, alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa wa sukari ulisababisha akatwe mguu mmoja, na wa pili haukuwa na nguvu, basi akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Usidhani alikuwa mtu wa kushinda ndani, hata kidogo. Kila alasiri nilimsukuma kwenye kichochoro kilichopita ubavuni mwa nyumba yetu mpaka barabarani, nikamfikisha msikitini, na baada ya swala akabaki barazani na wenzake wakinywa kahawa na kubishana habari za mpira. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake yote iliyobaki. Na kichochoro kile ndicho kilikuwa njia yetu pekee, kwa sababu nyuma ya nyumba tulipakana na ukuta wa watu.

Sasa kiwanja cha ubavuni kikanunuliwa na Bwana Mahundi, mtu wa bara, mpole, ambaye alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini na kurudi watu wanakula cha jioni. Akamwaga matofali, fundi wake akavuta kamba ya msingi wa ukuta, na kamba ikapita katikati ya kichochoro. Niliitazama nikaipima kwa macho. Mtu mwembamba angepita kwa kujibana. Kiti cha baba kisingepita.

Haikuchukua muda, kipaza sauti kikapita kutangaza mkutano mkuu wa mtaa, siku ya Jumapili, na miongoni mwa mambo yatakayosikilizwa ni maombi ya ujenzi. Hapo nikafanya nilivyofunzwa. Sisi watu wa pwani jambo zito hatulitoi hadharani kwanza. Tunakwenda kwa mkubwa nyumbani kwake, tunabisha hodi, tunaamkia, tunaulizana hali mpaka hali ziishe, ndipo jambo linasemwa, tena kwa sauti ya chini. Posa zinapelekwa hivyo, na ugomvi wa ndoa unamalizwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Ijumaa baada ya swala nilijitanda kanga nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kitwana.

Alinipokea vizuri. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, Salehe hajambo?" Nikakaribishwa jamvini, nikaletewa chai na kaimati, nikamweleza habari ya kamba na kiti cha baba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Kisha akasema, "Nimekusikia, mwanangu. Mkutano Jumapili, uje."

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nikamwambia baba mambo yamekwisha. Akaniuliza, "Yamekwishia wapi?" Nikamjibu, kwa Mzee Kitwana. Akaguna, akaomba maji ya kunywa. Mimi nikadhani ni uzee.

Jumapili yenyewe mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, chini ya turubai. Mwanangu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kikao kama kile, na nikwambie ukweli, nilipotea tangu mwanzo. Mtendaji wa mtaa, yule anayeandika, alisoma muhtasari wa mkutano uliopita kama mtu anayefukuzwa. Wakauthibitisha. Yakaja yatokanayo. Nikajiuliza yatokanayo na nini, na kabla sijapata jibu yakawa yameshapita. Mtu mmoja akasimama na kusema, "Mwongozo, mwenyekiti," na mwingine akasema, "Taarifa," wa kwanza akakaa, wa pili akazungumza, halafu wa kwanza akasimama tena amekasirika, wala sikujua nani alimkosea mwenzake. Kila mtu alionekana anajua zamu yake isipokuwa mimi. Nikasema moyoni, haidhuru, la kwangu lina mwenyewe, limebebwa na mkubwa.

Bwana Mahundi alikuwa amekaa benchi la nyuma yangu. Nilimsikia akikohoa.

Ikafika zamu ya maombi ya ujenzi. Mzee Kitwana akasema, "Bwana Mahundi anaomba kuzungusha ukuta kwenye kiwanja chake. Kuna mwenye neno?" Akanitazama. Alinitazama mimi hasa, na mimi nikainamisha macho kwa adabu, maana nilidhani ananionyesha kwamba sasa ndiyo analisema. Nikamsubiri aliseme. Akasema, "Basi, hakuna pingamizi. Mtendaji, andika. Tuendelee."

Nilidhani sijasikia vizuri. Kisha nikajipa moyo kwamba huenda amelihifadhi kwa ajili ya mengineyo, maana niliwasikia wakisema mwishoni kuna mengineyo. Yakaja mengineyo, yakaliwa yote na vigodoro, zile ngoma za mtaani za usiku kucha: wamama wanalalamika muziki unatikisa vitasa vya milango, vijana wanajibu kwamba nao wana haki ya kufurahi. Wakabishana mpaka jua likahamia upande wetu. Dua ikasomwa, nikaitikia amina pamoja na wenzangu, mkutano ukafungwa, watu wakaanza kubeba mabenchi. Mimi nimekaa palepale. Nilikuwa sielewi nimefanyiwa nini na nani.

Nilimfuata Mzee Kitwana akiwa anakunja miwani. Nikamwambia, "Mzee, si nilikwambia?"

"Uliniambia mie," alisema, wala hakuwa na hasira. "Hukuuambia mtaa. Nimeuliza hadharani, umenyamaza. Mie nitaandika nini?"

"Ungesema wewe, mzee."

"Ningesema, Mahundi angeniuliza nimeyatoa wapi. Ningemjibu nini? Nyumbani kwangu, kwa chai? Na kesho akija yeye kwangu kwa chai?"

Mwanangu, maneno hayo nimeyageuza miaka yote hii. Siku nyingine naona mzee yule alikuwa mnyoofu kuliko watu wote wa mtaa ule, kwa sababu hakutaka mambo ya watu yaamuliwe sebuleni kwake. Siku nyingine naona alikuwa mwoga aliyejificha nyuma ya utaratibu, kwani ilimgharimu nini kuniambia Ijumaa ile ile, simama mwenyewe? Nimewahi kulala nikimsifu nikaamka namlaumu. Amekwenda zake na jibu lake.

Ukuta ukapanda. Baba akabaki ndani.

Utaniuliza kwa nini sikugonga mlango wa Mahundi nikamweleza. Swali zuri, nami najiuliza hilo hilo. Nilikuwa nimeshaamini kwamba anajua, kwamba wamepatana na mwenyekiti, na kwamba akinisalimia ananikejeli. Nikaacha kuitikia salamu zake. Baba naye akanikataza. Aliniita, akaniambia, "Ulikwenda kuniombea njia kama mtu anayepeleka posa. Sasa unataka kwenda kuidai kama mtu anayedai talaka. Huyo tutaishi naye ukuta kwa ukuta. Subiri mkutano, nitasema mwenyewe." Ndiyo karipio pekee alilonipa, tena alilitoa huku akitunga uzi kwenye sindano.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Ramadhani ikaingia ikatoka baba hajafika msikitini. Adhana alikuwa akiisikia, akageuza uso upande wa sauti inakotoka. Wenzake walikuja kumtazama mwanzoni, kisha wakapungua, si kwa ubaya, ndivyo watu walivyo. Sikukuu ya Idi alivaa kanzu yake akakaa kitandani nayo. Niliona aibu kumtazama.

Siku ya mkutano mwingine, binamu yangu aliyeahidi kuja kumbeba baba hakuonekana. Nikajaribu mwenyewe. Tulikuwa tumenasa pale kwenye upenyo, mimi nimemshika kwapani, jasho linanitoka na machozi yananilenga, Bwana Mahundi akatokea amevaa shati la kutokea, naye anakwenda mkutanoni. Akasimama. Hakuuliza kitu. Akachuchumaa, akasema, "Panda mgongoni, mzee." Na baba akapanda.

Nilitembea nyuma yao nikitamani ardhi ipasuke. Mtu tunayekwenda kumshtaki ndiye aliyembeba mshtaki.

Mwenyekiti alipouliza mwanzoni nani ana mengineyo, baba akanyoosha mkono. "Salehe, fundi cherehani. Nina la njia." Likaandikwa. Zamu yake ilipofika alizungumza akiwa amekaa benchini.

"Sina ugomvi na mtu," alisema. "Leo nimefika hapa kwa mgongo wa Bwana Mahundi, namshukuru, Mungu amlipe. Ila nauliza mkutano: kesho nitabebwa na nani?"

Kisha akaeleza habari ya kichochoro na kiti, taratibu, bila kumtaja mtu vibaya. Mahundi akasimama. Alikuwa amebadilika rangi. "Mimi nilidhani mnao mlango wa upande wa pili," alisema. "Wallahi nilidhani hivyo. Mkutano ule nilikaa nyuma ya huyu binti mwanzo mwisho. Mwenyekiti akauliza, hakusema neno. Nikasema kama kungekuwa na tabu, wenye nyumba wangesema." Akanigeukia. "Halafu salamu zangu ukawa huziitikii. Nilikukosea nini, dada? Nimejiuliza mpaka nimechoka."

Kumbe naye alikuwa hajui kinachoendelea. Tulikuwa wawili tuliokaa ukuta kwa ukuta, kila mmoja anamshangaa mwenzake. Nililia mbele za watu.

Mwenyekiti akauliza wanaotaka ukuta urudi nyuma wanyooshe mikono. Mahundi alikuwa wa kwanza kunyoosha. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameuvunja na kuusogeza, na kiti cha baba kikapita tena. Baba akarudi barazani kwake. Lakini Ramadhani iliyofuata haikumkuta, mwanangu. Ile aliyokaa ndani akigeuza uso upande wa adhana ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake. Njia ilirudi, Ramadhani haikurudi, na hilo ndilo linalonichoma mpaka kesho.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nimekusikia ukijisifu kwamba suala la mtaro unaoingiza maji nyumbani kwako umeshalimaliza, umemwandikia mwenyekiti wako kwenye simu naye amekujibu kwa kidole gumba. Kidole gumba kinakwambia amesoma, basi. Mtaa haujasikia, na huyo aliyeziba mtaro hajasikia, na huenda naye anadhani maji yana pa kupita.

Nenda mkutanoni. Fika mapema, wakati mambo ya siku yanasomwa, na la kwako liombee nafasi mwanzoni, maana mwishoni watu wana njaa na vigodoro vyao. Ukiitwa simama, taja jina lako, liseme ili anayehusika alisikie kwa masikio yake akiwa hapo hapo, naye apate kujibu. Heshima ya kumwona mkubwa nyumbani usiiache, ni nzuri, lakini isikuzibe mdomo uwanjani. Na mkutano unaofuata rudi, usikilize muhtasari ukisomwa, ujue ulichosema kimeandikwa ulivyokisema. Ukipotea kati ya miongozo na taarifa zao, uliza. Mimi ningeuliza jambo moja tu siku ile, hata kwa kukosea utaratibu, baba angefunga mwezi wake msikitini.

Mungu akupe sauti ya kufika benchi la mwisho, na jirani mwenye kuitikia. Akufungulie njia wewe na wanao, ya kutokea na ya kurudia. Na kama siku moja kiti cha mbele kitakuwa chako, akujaalie umuulize mara ya pili mtu aliyenyamaza. Amina.