Gari Lililomlilia Baba

Baba aliacha mashamba mawili ya kahawa na gari moja kuukuu, la yale yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne. Mashamba yalikwenda kwa kaka zangu bila mtu kukohoa. Gari niliachiwa mimi, kwa kinywa chake mwenyewe, mama akisikia. Na hilo ndilo lililohitaji vikao vitatu vya familia. Kaka yetu mkubwa alikuwa na mnunuzi tayari, mfanyabiashara wa viazi kutoka Timau. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanamke, hata akiwa na shahada ya hesabu, hawezi kulitunza gari la namna ile. Ushahidi wake ulikuwa kelele.

Kelele ilianza juma la mazishi. Kila nilipokata kona, gari liliguna kutoka chini ya sakafu, mguno mrefu kama wa ng'ombe anayezaa. Usukani ulishupaa, magurudumu ya mbele yakarukaruka, kisha ukaja mshindo wa chuma kwa chuma. Kina mama wa kanisa walisema linamlilia mwenyewe. Mzee mmoja wa kanisa aliweka kiganja juu ya boneti akaliombea kwa Kimeru, maombi marefu yenye aya za kutosha. Alipomaliza nililiwasha, nikageuka kuingia barabarani, likaguna zaidi. Akasema huzuni haina haraka.

Kikao cha tatu kiliamua hivi: mimi nafundisha Embu, na ilikuwa likizo ya Aprili, nipewe muda mpaka shule zifunguliwe. Kelele ikiisha, kaka atatia sahihi gari liwe langu. Isipoisha, litakwenda Timau kubeba viazi.

Nililipeleka Makutano kwa mafundi. Wa kwanza aliliendesha uani mwake mara mbili, akashuka, akatazama nyuma yangu kana kwamba kuna mtu anayekuja.

"Madam, mzee wako yuko wapi nimweleze?"

Nilimwambia mzee yuko Embu anapikia watoto, na kwamba hajui tofauti ya propela na mwiko. Fundi aliendelea kungoja kidogo, endapo ningemkumbuka mwanamume mwingine. Mwishowe aliieleza hewa iliyokuwa kati yetu kwamba beringi za mbele zimekufa, akazibadilisha. Wa pili alisema ni viungo vya propela, mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu, akavibadilisha navyo. Wa tatu aliheshimika mno pale, kwa kuwa aliweza kujibu simu mbili akiwa amelala chini ya gari. Yeye alitamka, bila kutoka, kwamba difu, ile inayogawa nguvu kwa magurudumu, imekwisha na giaboksi lazima ishushwe.

Wote watatu walilijaribu gari mle uani, kwenye tope la mvua za Aprili lililochanganyika na oili chafu, na mle ndani lilikuwa na adabu kama mkwe aliyekuja mara ya kwanza. "Umesikia, madam? Imenyamaza," waliniambia, kila mmoja kwa zamu yake. Nilipofika kwenye lami, likaguna.

Sitawacheka wao peke yao. Mimi ni mtu ninayemnyima mwanafunzi alama akileta jibu bila kuonyesha njia. Hata hivyo nilipokea majibu matatu yasiyo na njia, nikashukuru, kwa sababu tu yalitoka kwa watu wenye mikono michafu. Kabla ya kuikubali habari ya giaboksi nilinunua daftari, nikaanza kuandika: mwendo, gia, barabara iliyonyooka, kona. Kelele haikujali gia wala ukali wa injini. Ilijali kona tu. Lakini si kona zote, na hapo nilikwama.

Juma la mwisho la likizo, mama alinituma Mitunguu kwa shangazi nikachukue ndizi. Njia ya kwake hupita katikati ya mashamba yanayomwagiliwa, na siku hiyo ilikuwa uji mtupu. Niligeuza gari mlangoni pake, mahali pembamba pa kupinda usukani hadi mwisho, nikasikia kimya. Nikageuza tena. Shangazi akauliza nimepoteza nini. Niliporudi kwenye lami, kilio kikaanza upya, nami nikajiuliza ni huzuni gani hii inayochagua lami.

Niliegesha, nikashuka, nikalitazama gari kwa mara ya kwanza badala ya kulisikiliza. Katikati ya kila gurudumu la mbele kuna kifundo cha kuzungushwa kwa mkono, kinacholiunganisha gurudumu na injini. Vyote viwili vilikuwa vimefungwa. Ndani, ule wenzo mdogo kando ya gia ulikuwa umewekwa mahali pa kupitia matope. Gari lilikuwa likisukumwa na magurudumu yote manne tangu siku ya mazishi. Kwenye kona, ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Juu ya tope huteleza kidogo yakapatana. Juu ya lami hayana pa kuteleza, yakavutana hadi chuma kikaguna.

Nilimkumbuka kaka yangu. Siku ya mazishi mvua ilinyesha na gari lilibeba jeneza. Chini ya kilima alishuka na suti yake, akachuchumaa mbele ya waombolezaji wote, akavizungusha vifundo viwili kama alivyomwona baba akifanya, akarudi ndani kuusukuma wenzo. Gari likapanda, watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Kuvifungua hakukuwa na watazamaji, basi hakukufanyika. Nami sikuwahi kuugusa wenzo ule kwa kuwa baba aliwafundisha wavulana tu. Hilo pia niliandike, ingawa nampenda.

Nilirudi nyuma hatua chache ili vyuma vilegee, nikauvuta wenzo, nikafungua vifundo. Nikaendesha hadi nyumbani.

Kaka alikuja na mtu wa Timau. Niliwazungusha kwenye lami, kona baada ya kona, kisha nikawaeleza mbele ya mama kilichokuwa kikilia na mkono uliokifunga. Mnunuzi alichunguza viatu vyake. Kaka alifikiri kidogo, akasema kwamba gari zima namna hii ni mali ya familia, na mali ya familia hukaa kwa mtoto wa kwanza.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua.

"Kijana yangu, wewe uliiendesha siku moja, ikalia mwezi mzima. Tia sahihi."

Alitia, akibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Nilisema asante. Ningependa kuandika kwamba niliisema kwa upole.